Aliyevuka Bahari na Aliyebaki Kijitoni

Majira haya ya joto sisi tunaoishi mashariki mwa Marekani tunawaona viumbe wawili wadogo wanaong'aa. Wa kwanza ni ndege mvumaji mwenye koo jekundu, anayesimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakipiga mara 50 hivi kwa sekunde. Wa pili ni kereng'ende mwembamba wa vijitoni, mwili wa kijani cha kumetameta, mabawa meusi. (Watoto wetu humwita kipepeo. Si kipepeo.)

Ndege huyo ana gramu 3 hivi tu. Akiruka, moyo wake hupita mapigo 1,000 kwa dakika; sisi wauguzi, mtu mzima aliyelala akifikisha 150 tunamkimbilia daktari. Kabla ya safari ya vuli hunenepa karibu maradufu, na wengi huvuka Ghuba ya Mexico, kilomita 800 hivi, bila kutua. Si ajabu wahamiaji tukimpenda.

Kereng'ende je? Hukaa majini karibu mwaka mzima akiwa hana mabawa, kisha hutoka, na wiki chache zilizobaki huzimaliza karibu na kijito. Hana safari ya kusimulia.

Basi nani amejitoa zaidi, aliyesafiri au aliyebaki? Katika familia zetu jibu hutolewa upesi mno: anayetuma pesa ndiye anayebeba ukoo, naye huamua kwa simu mama atibiwe wapi, shamba liuzwe au lisiuzwe. Dada aliyebaki husemwa kwamba "anakaa tu nyumbani". Lakini kumgeuza mzazi aliyepooza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, asipate vidonda, ni kazi ambayo huku hufanywa kwa zamu na kwa mshahara. Dada hana wa kumpokea zamu.

Daudi aliletewa shauri kama hili kwenye kijito cha Besori. Baadhi ya waliokwenda vitani hawakutaka kugawana nyara na wenzao waliochoka wakabaki na mizigo. Akaamua mafungu yawe sawa. Hakuwapa waliobaki msaada. Aliwapa haki yao, na hapo ndipo penye ugumu kwetu. Pesa tunatuma. Ila siku ya kuamua habari ya shamba, neno la dada lina uzito gani kwenye simu ya familia?