Moshi wa Ami: Nani Adaiwe Hewa Safi?

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Kismayu, na ami yangu akanipakia katika bajaji yake kutoka bandarini hadi Farjano. Injini yake imechoka, inakula oili, na kila akivuta mafuta moshi wa buluu hutanda nyuma. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maziwa kando ya njia alijifunika pua kwa shungi. Niliona haya. Nikasema, "Ami, huoni kuwa moshi huu unawadhuru watu?" Akanijibu bila kugeuka: "Naona, mwanangu. Lakini watoto hawali hewa safi."

Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kulitafuta. Miji mingi ya Afrika Mashariki sasa inazungumzia vyombo vya usafiri visivyochafua hewa: Nairobi na Kigali kuna pikipiki za umeme ambazo dereva hubadilishiwa betri njiani, na Dar es Salaam bajaji na teksi nyingi zimefungwa mitungi ya gesi asilia. Siku moja mazungumzo hayo yatafika Kismayu. Yakifika, je, ni haki kumtaka mtu kama ami yangu alipe gharama ya hewa safi?

Nianze na yule muuza maziwa, kwa kuwa yeye husahaulika. Hakupanda bajaji, hakupata faida ya safari, wala hakuulizwa. Hata hivyo sehemu ya gharama ya safari yetu aliilipa yeye, kwa mapafu yake. Sisi tuliolelewa katika Uislamu tunaijua kanuni ya fiqhi inayokataza mtu kudhuru na kulipana madhara. Kanuni hiyo haikuweka kando madhara yanayotoka kwa maskini. Ufukara wa ami unapunguza lawama yake, lakini haupunguzi moshi. Kwa hiyo anayesema "mwacheni maskini atafute riziki" na kuishia hapo, amemtetea maskini mmoja na kumsahau maskini mwingine aliyekaa kando ya njia.

Sasa nimgeukie ami. Ni nini hasa alichokichagua? Hakuchagua petroli inayoshushwa bandarini. Hakuchagua aina ya bajaji zinazoletwa sokoni, wala hakuchagua kuishi katika nchi ambayo serikali yake ilisambaratika mwaka 1991, kabla hajaweza kusoma vya kutosha na kupata kazi nyingine. Alichagua kati ya bajaji hii na njaa. Ninaamini kwamba wajibu hufuata uwezo wa kuchagua: mwenye njia nyingi mbele yake adaiwe zaidi kuliko mwenye njia moja. Na wenye njia nyingi ni wachache: waingizaji wa mafuta na magari, kampuni za umeme, na serikali zinazoweka viwango.

Historia ya karibu inaonyesha kuwa hili si wazo la darasani tu. Kwa miaka mingi petroli ilichanganywa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuyaondoa, na kufikia Januari 2006 zilikuwa zimeacha. Mwaka 2021 Algeria, nchi ya mwisho duniani, nayo ikamaliza akiba yake. Dereva wa matatu hakuambiwa auze gari lake. Badiliko lilifanyika kwenye viwanda vya kusafisha mafuta na kwenye mikataba ya ununuzi, na yeye akaendelea kujaza tangi kama kawaida.

Linganisha na kisa cha kwetu. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku usafirishaji wa makaa kutoka Somalia, na bandari ya Kismayu ilikuwa kitovu cha biashara hiyo. Nia ilikuwa njema: makaa yaliwatajirisha wenye silaha na kuumaliza msitu wa migunga. Lakini makaa yaliendelea kupakiwa kwa miaka kadhaa baadaye. Mnunuzi wa Ghuba alikuwa bado na fedha, na mkata mti alikuwa bado hana kazi nyingine. Katika kisa cha kwanza watu walipewa mbadala kabla ya kunyang'anywa walichonacho. Katika cha pili waliambiwa "acha" bila kuambiwa "shika hiki".

Kuna wanaosema tusihangaike na teknolojia ngeni, kwani wazee wetu wa Chula na Koyama walisafiri kwa tanga na hawakuchafua chochote. Napenda tanga, lakini siikubali hoja hiyo. Mgonjwa akizidiwa kisiwani usiku na upepo umekufa, mashine ndiyo itakayomfikisha hospitali. Wavuvi hawakufunga mashine kwa kiburi. Usafi wa hewa ni jambo jema, lakini si jema pekee, na anayepima mambo kwa haki hawezi kulisahau la mgonjwa.

Vilevile tusidanganywe na jina. Mjini kwetu umeme huuzwa na kampuni binafsi, na sehemu kubwa imezoeleka kutoka kwenye jenereta za dizeli. Kenya inaweza kujivunia pikipiki ya umeme kwa sababu umeme wake mwingi hutokana na joto la ardhi, maji na upepo. Sisi tukichaji bajaji kwa dizeli tutakuwa tumeuondoa moshi kwa muuza maziwa na kuupeleka kwa jirani wa jenereta. Paneli za jua zitangulie au ziende sambamba, na jua la Kismayu halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo.

Je, basi ami hana wajibu wowote? Hapa ndipo hoja yangu mwenyewe inaponitia shaka. Nikisema kila lawama iende juu, muingizaji atasema wateja wanataka bei rahisi, serikali itasema haina fedha, na sote tutaendelea kuvuta moshi huku tukinyoosheana vidole. Wajibu unaofuata uwezo unaweza kuwa mdogo, lakini hauwi sifuri. Ami hawezi kununua bajaji ya umeme, lakini anaweza kubadilisha pete za pistoni kabla injini haijaharibika kabisa. Anaweza kuzima injini anaposubiri abiria. Na siku mkopo wa haki utakapokuja pamoja na kiwango kipya, asiwe wa kwanza kupinga kwa sababu tu amezoea.

Kutoka mwaka 2024 Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wanachama wake walikubaliana kutumia dizeli yenye salfa kidogo kuanzia Januari 2015. Huo ndio mlango wa kuanzia: kiwango bandarini, kisha jua kwenye kampuni za umeme, kisha mkopo kwa dereva. Mpangilio huo ukigeuzwa, tukaanza na faini kwa dereva, tutakuwa tumemdhulumu.

Ami, ukiniuliza tena, nitakujibu hivi. Kweli watoto hawali hewa safi, ila wanaivuta, wako na wa yule mama. Deni la hewa hiyo si lako peke yako, na sehemu yako ni ndogo kuliko ya wengi walio juu yako. Lakini ipo, na nikija likizo ijayo nitachangia hizo pete za pistoni, kwa kuwa nami nilipanda.