Kejeli Ina Mwenyewe

Mwaka 1996 wimbo wa Alanis Morissette wa Kanada uitwao "Ironic" ulizunguka dunia nzima, na tangu hapo wapo wanaoshikilia kwamba mwimbaji hakujua maana ya neno alilolifanya jina la wimbo. Anataja mabalaa mfululizo, likiwemo la harusi kunyeshewa na la msamaha kumfikia mfungwa baada ya hukumu kutekelezwa, na yote anayatia kapu moja. Wakosoaji wakasema hiyo si kejeli, ni mkosi. Huku kwetu Upare, kaskazini mwa Tanzania, mfano wa harusi ungeanguka mapema zaidi. Mji wa Same hupata mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka, na milima ya Pare iliyo nyuma yake hupata kama mara mbili ya hizo. Bibi harusi akinyeshewa hapo, wazee watamwambia amebarikiwa. Hata hivyo swali la wakosoaji lina uzito, nasi tunaweza kuwauliza waimbaji wetu: je, wanaitumia kejeli sawasawa, na wakikosea kuna hasara gani? Naamini hasara ipo, ila haipo pale walimu wa lugha wanapoitafuta.

Kwenye jina sina ugomvi na mtu. Vitabu vya fasihi vya sekondari husema kejeli ni kutamka kinyume cha unachokusudia. Wakenya hupenda neno kinaya, nao wamelipanua hadi kwenye matukio, kama mlinzi kuibiwa akiwa lindoni. Kinaya lenyewe limetoka Kiarabu, ambako ni kusema jambo kwa kulizunguka, na kamusi zetu za zamani zililipa maana ya majivuno. Neno lililohama nyumba namna hiyo halifai kuwa fimbo ya kumchapia msanii, na anayesema lugha hubadilika amesema kweli. Lakini tazama maneno ambayo mtaa hutumia bila kumuuliza mwalimu: dongo, kijembe, mpasho, fumbo. Dongo hurushwa na kijembe hupigwa. Mpasho hupewa mtu, na fumbo hufumbiwa mtu. Hakuna hata moja linaloelea hewani. Kila moja lina mkono uliolitoa na mwili wa kulipokea. Kiswahili cha mtaani kinajua jambo ambalo fasili ya darasani hulisahau, kwamba kejeli ina mwenyewe.

Ushahidi mzuri uko kwenye ukumbi wa taarabu. Mwimbaji anaimba beti zisizotaja jina la mtu. Ubeti mmoja ukifika, mwanamke anainuka kwenye kiti, anakwenda mbele taratibu kwa mwendo wa madaha, noti kaishika juu ya kichwa ili ionekane, na kabla hajamtunza mwimbaji anageuza shingo kidogo kuelekea meza fulani. Basi, imetosha. Wimbo uliokuwa wa watu wote umepata mwenyewe, na aliye kwenye meza ile anajua, na majirani zake wanajua. Hakuna atakayesimama kuuliza kama tamathali ile imetumika kwa usahihi. Usahihi wake ni kwamba imefika.

Kwa kipimo hicho, "Ndiyo Mzee" ya rapa Professor Jay, ya mwaka 2001, ni kejeli iliyopigwa barabara. Mgombea anamwaga ahadi, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia, na umati unaitikia kwa maneno hayohayo mawili. Wengi huisifu kwa jinsi inavyomcheka mwanasiasa. Mimi naona mwanasiasa ni chambo tu. Kiitikio kile ni chepesi, kinavuta mdomo; kikipigwa ndani ya basi, abiria anajikuta ameitikia kabla hajapima alichokikubali. Hapo ndipo dongo linapotua, kwetu sisi wa umati. Joseph Haule, ndilo jina lake, alipochaguliwa mbunge wa Mikumi mwaka 2015, wapo waliosema hiyo ndiyo kejeli yenyewe, aliyemcheka mwomba kura kawa mwomba kura. Hapana. Mtu kubadili kazi si kejeli. Ingekuwa kejeli endapo angepanda jukwaani na ahadi zilezile, nasi tukaitikia vilevile.

Sasa linganisha na mtindo uliozoeleka katika dansi la zamani na Bongo Fleva ya leo, ambamo mshitakiwa ni "dunia", au "maisha", au "walimwengu". Mtu kafukuzwa kazi, dunia. Shamba limeuzwa na ndugu, walimwengu. Huu ndio ukosefu wa usahihi unaonikera, na Morissette wala hayumo. Balaa lililotengenezwa na mtu fulani linavikwa nguo ya majaaliwa, na mtu huyo anaondoka mikono safi kama vile hakupita hapo. Najua yapo mabalaa yasiyo na mwenyewe. Mwanamuziki wa dansi Remmy Ongala alipoimba "Kifo" alikisemesha kifo chenyewe, na hilo ni sawa, kwa sababu kwa msiba hakuna wa kushitakiwa. Kilio kina heshima yake kikiitwa kilio.

Nitaambiwa kwamba msanii hujificha nyuma ya "dunia" kwa sababu kutaja watu kunaponza. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na mwaka 2017 uliithibitisha. Machi mwaka huo rapa Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo "Wapo", nao ukafungiwa; siku iliyofuata Waziri Harrison Mwakyembe akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, aachiwe, na tena auongezee beti. Wimbo mmoja, masikio mawili, na uhuru wa mtu ukining'inia katikati. Nani atamlaumu msanii kwa kujihadhari? Lakini fumbo na "dunia" si ngao ya aina moja. Fumbo humficha mlengwa machoni pa sheria huku likimwonyesha kwa wasikilizaji, kama ile shingo iliyogeuka ukumbini. "Dunia" humficha kwa wote, hata kwa aliyeumizwa.

Wapare hutaniwa na Watanzania wenzao, Wachaga wakiongoza, kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni utani mzuri, na hesabu yake ni mbaya kweli. Ila ndani yake kuna mtu anayekataa kuambiwa "ndiyo maisha". Kwenye mabonde ya Same yapo mabwawa madogo ya kienyeji yaitwayo ndiva, yanayokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Mwenye zamu akiamka akakuta mfereji mkavu, haimbi kuhusu walimwengu. Anapanda juu kuuliza nani kafungua ndiva. Hata ukavu wa mji wa Same, chini ya milima yenye mawingu, ulikuwa rahisi kuuita maajabu ya Mungu. Lakini mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulianza mwaka 2014 ukazinduliwa Machi 2025, na miaka yote hiyo kati ya tarehe mbili haikuletwa na mawingu.

Milima hii iliwahi kutoa kejeli ambayo sijaona wimbo wa kuifikia. Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare walishuka hadi Same kuipinga mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa kipato cha kila mtu, wakapiga kambi makao makuu ya wilaya na kukataa kuondoka. Mashamba yakabaki na wanawake. Siku zikapita, shauri halikwisha, na wanawake nao wakaandamana. Wakamtaka ofisa wa wilaya, Mwingereza, achague moja: amalize shauri waume zao warudi nyumbani, au yeye mwenyewe awape mimba wote.

Ukitaka kuisahihisha kama mtihani, vyote vimo. Maneno ni ombi, maana ni fedheha, na mlengwa amesimama mbele yao na kofia yake. Hawakuhitaji kuambiwa inaitwaje. Kodi ile ilikuja kufutwa.