Kuficha si Kudanganya

Msomaji, je, mtungaji wa hadithi za upelelezi ni mwongo? Kazi yake ya kila siku ni kuficha. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyemuumba Bwana Msa katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), alikuwa mhariri wa gazeti pia: kazi moja ilimtaka atangaze habari, ya pili azifiche. Lakini kuficha si kudanganya. Mtungaji mwaminifu hupima kila neno, hufuta, huandika tena, hata nyayo za mkosaji zikae wazi njiani, na msomaji azipite asizitambue. Akizifuta zote, ameiba imani ya msomaji. Nawe ukiaminiwa siri, itunze. Ukiulizwa, nyamaza, usizue. Njia ya mwongo ni fupi.