Kadari na Kukadiria

Oksijeni tupu inaweza kumpiga mtu mzima degedege. Haihitaji kuchafuliwa na kitu. Inatosha mgandamizo wake uzidi, na wapiga mbizi kwa kawaida huweka mpaka wa mwisho kwenye bar 1.6. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapo ina mgandamizo wa bar 0.88 hivi. Kwa hiyo anayezama ziwani humo, Bukoba, akipumua oksijeni tupu huufikia mpaka huo kwenye mita 7 na kitu. Mwenzake wa Zanzibar huufikia kwenye mita 6. Gesi ni ileile na mapafu ni yaleyale.

Joseph Priestley, aliyeitenga gesi hiyo mwaka 1774, alijiuliza kama hewa safi kiasi hicho isingemmalizia mtu uhai upesi, jinsi inavyoumaliza mshumaa. Mama anayepika ndizi kwa jiko la mkaa kule Hamugembe, Bukoba, angemwelewa bila maelezo: kimlango cha chini kikiachwa wazi, mkaa huwaka mwekundu ukaisha ndizi zikiwa bado ngumu. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alionyesha, kwa kuwajaribu wanyama, kwamba hofu ya Priestley haikuwa ya bure.

Swali linalozuka ni la zamani kuliko kemia: je, wema wa kitu umo ndani ya kitu chenyewe? Aristotle alijibu kwa kiasi, ila kiasi chake si hesabu ya katikati. Mina 10 za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki wa kale) zikiwa nyingi na 2 zikiwa chache, haifuati kwamba 6 zinamfaa kila mtu. Kwa Milo mwanamiereka ni kidogo. Jibu hilo linavutia, lakini linaacha jambo zito: nani anapima, na anapima lini?

Uzito wake unaonekana kwenye kifaa cha kuzungusha pumzi. Kifaa hiki hakimwagi pumzi majini. Huipitisha kwenye chokaa inayofyonza hewa ukaa, kisha hurudishia oksijeni iliyotumika. Mwili unaoogelea taratibu hutumia kama lita moja kwa dakika, iwe mita 5 au mita 50, ndiyo maana aina mojawapo huiachia oksijeni ipenye bila kukoma kwenye kitundu chembamba mno. Regulata yake huzibwa makusudi isihisi maji ya nje. Ikiwekwa bar 10, zikihesabiwa kuanzia ombwe tupu, mtiririko haubadiliki mpaka mgandamizo wa nje uvuke kidogo nusu ya hizo. Bukoba ni kwenye mita 45 hivi. Chini ya hapo unapungua, na nje kukifika bar 10 unakoma.

Anayetaka kilindi zaidi hukaza parafujo ya regulata kidogo kidogo, jicho kwenye geji, hadi tuseme bar 12. Amejipatia kama mita 10 za ziada. Lakini mtiririko nao umepanda kwa sehemu moja ya tano, tena kuanzia juu kabisa, na atakapotulia akisubiri zamu ya kupanda, oksijeni itarundikana. Hapo kitundu hubadilishwa kwa chembamba zaidi, na mtiririko hupimwa upya nchi kavu. Kipimo kimoja kilichokazwa hakiwezi kufaa kina chote.

Kiswahili kina maneno mawili ya mzizi mmoja wa Kiarabu: kadari, yaani lililokwisha pangwa, na kukadiria, kazi ya anayepima. Wanatheolojia wa Kiislamu walibishana tangu karne za mwanzo kadari inamwachia binadamu hiari kiasi gani. Mafundi wa kifaa hiki, bila kukusudia teolojia, hukiweka kitundu kipitishe oksijeni pungufu kidogo ya inayohitajika. Kilichobaki huongezwa na mpiga mbizi mwenyewe kwa kubonyeza kitufe, baada ya kusoma saa ya kipimo. Hawezi kungoja mwili umkumbushe: kiu ya hewa huletwa na hewa ukaa, nayo imekwisha fyonzwa na chokaa. Anayesahau kutazama hapaliwi wala hahangaiki. Huzimia akijiona mzima.