Shamba la Nabothi na Kuta za Mji Mkongwe



Maandiko Matakatifu yatusimulia habari za mfalme Ahabu na jirani yake Nabothi. Mfalme alitamani shamba la mizabibu lililopakana na jumba lake, akaahidi fedha au shamba jingine lililo bora zaidi. Nabothi alikataa, kwa kuwa shamba lile alilirithi kwa baba zake. Ahabu aliona kiwanja. Nabothi aliona amana. Kwa kukataa huko alipoteza uhai wake.

Shauri hilo halijaisha duniani. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, hoteli ilipojengwa Shangani, kando ya jumba la kale la Mambo Msiige, Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamika kwamba jengo jipya lilipita kimo kilichokubaliwa. Hoteli ilifunguliwa mwaka 2015.

Mkristo wa Mamboya, huko Kilosa, aweza kuuliza: "Mji wa Unguja wanihusu nini mimi?" Wakuhusu sana, ndugu. Misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kwenda Mpwapwa na kuendelea bara, ilipita Mamboya. Pembe za ndovu na watumwa waliotoka bara waliutajirisha mji ule. Jasho na machozi ya wazee wetu yamo katika kuta zile.

Wengine wasema: basi na zibomolewe, kwani ni kumbukumbu ya dhuluma! La hasha. Shahidi akiuawa, dhuluma haifutiki. Yakosa tu wa kuisimulia. Huko Mkunazini, mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ndugu zetu Waanglikana walijenga Kanisa Kuu lao. Mahali pa minyororo pamekuwa mahali pa sala.

Hatusemi kwamba kila kipya ni dhambi. Familia ina haki ya nyumba kavu, maji na choo safi. Lakini mjenzi mwenye busara hujifunza kwanza. Nyumba ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti za mikoko. Vichochoro vyembamba hutunza kivuli. Baraza humkaribisha jirani. Aipakaye saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta. Ainuaye ghorofa refu katikati yake humnyima jirani upepo, tena humfundisha mtoto kuionea haya kazi ya babu yake.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, lilianguka sehemu mwaka 2012. Kisha siku ya Noeli ya mwaka 2020, lilipokuwa likikarabatiwa, likaanguka tena, na watu wawili wakafa.

Basi yatupasa nini? Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu wazazi, na heshima hiyo haiishii kaburini. Wazazi, waonyesheni watoto kazi za wazee wao. Mafundi, msione haya kuuliza. Nanyi mliopewa madaraka, kipimo kilichokubaliwa kwenye karatasi na kifuatwe kwenye ukuta. Sheria imzuiayo mjane kuongeza chumba kimoja, na imzuie vilevile mwenye mamilioni kuongeza ghorofa. Isipokuwa hivyo, Ahabu amerudi, na safari hii ana kibali mkononi.

Mungu atujalie macho ya Nabothi.