Aliyeokoa Anadaiwa Nini?

Kwetu ni Nalufenya, mjini Jinja. Barabara kuu itokayo Mbale kwa njia ya Tirinyi na Iganga hupita karibu nasi kabla ya kuvuka Mto Nile kuelekea Kampala, na usiku malori ya ng'ombe hayaishi. Mengi hutoka kwenye minada ya Teso na Karamoja, kama ule wa Arapai karibu na Soroti. Asubuhi moja ya likizo ndefu nilimkuta mbwa mtaroni: mwekundu, mbavu nje, mguu wa nyuma umevunjika, shingoni kipande cha kamba. Muuza chapati alikuwa ameona yote. Lori lilisimama kubadilisha gurudumu, mchungaji akashuka kunyoosha miguu, mbwa akaruka kumfuata, bodaboda ikamgonga. Mchungaji alimpigia mluzi mara mbili. Mbwa hakuweza kuinuka. Lori likaondoka.

Watu walikuwa wakimpita. Nami ningempita, wala hakuna ambaye angenilaumu. Nilimbeba.

Insha hii inatokana na swali lililonibaki mkononi baada ya kumbeba: mtu akishaokoa, anadaiwa nini? Na kwa mbwa wa mchungaji, nyumba ya kudumu ni ipi?

Mama alikubali kwa sharti. "Huyo ni mgeni, mwanangu. Mguu ukipona, aende zake." Ndivyo alivyopata jina lake, Mgeni. Majirani hawakufurahi, na siwezi kusema walikosea. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa haponi ila kwa nadra sana. Mtu mwenye watoto wadogo anayemtazama mbwa asiyejulikana kwa jicho baya hana roho mbaya, ana hesabu. Kwa hiyo kabla ya kumtafutia makao nilimpeleka kwa daktari wa mifugo akachanjwa, na mguu ukafungwa vijiti. Pesa ilikuwa ya vitabu. Tuyaache hayo.

Mgeni hakuwa mbwa wa nyumbani. Mvua ikinyesha alilala chini ya mwembe, hakuingia barazani. Hakuelewa Lusoga, wala Kiswahili ninachosomea shahada. Alielewa mluzi tu. Mbwa wa wachungaji wa kwetu hawakusanyi mifugo kwa ishara kama wale wa Uskoti tunaowaona kwenye video. Kazi yao kubwa ni kuandamana na mifugo mchana na kubweka usiku. Lakini kila jioni mbuzi wa jirani waliporudi kutoka malishoni, Mgeni aliinuka kwa miguu mitatu, akachechemea hadi ukingoni mwa barabara, akasimama kati ya mbuzi na magari. Hakuna aliyemtuma.

Jirani huyo mwenye mbuzi ni mwalimu wa madrasa, na ndiye aliyenifungulia mjadala. Akanikumbusha Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Kisha akaongeza kwamba Hadithi nyingine zinakataza kufuga mbwa bila sababu, ila wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. "Huyu wako ana ruhusa," akasema, "lakini si hapa. Hapa hana ng'ombe." Nilitafakari maneno hayo kwa siku kadhaa. Kwa mbwa wa aina hii, kazi ndiyo hati yake ya kuishi na watu. Ukimwondolea kazi ukamwachia chakula, umempa nusu ya nyumba.

Hata hivyo hoja ya kazi ina shimo. Immanuel Kant, katika mihadhara yake ya maadili, alitoa mfano wa mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu muda mrefu. Akizeeka asiweze tena kutumika, alisema Kant, bwana wake anapaswa kumtunza mpaka afe. Mfano huo naukubali. Sababu yake siikubali. Kwa Kant, hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Tunamtendea wema ili tusije tukazoea ukatili na kuwatendea watu vivyo hivyo. Yaani Mgeni angekuwa mahali pa mimi kufanyia mazoezi ya utu. Tena utumishi wa Mgeni haukuwa kwangu. Kama malipo hufuata kazi, mdaiwa alikuwa yule mchungaji, naye ameshapita daraja la Nile. Kwa nini basi mimi nilijiona nadaiwa?

Jibu lilikuja lenyewe, saa kumi na moja jioni. Wiki ya tatu niligundua kwamba Mgeni amejifunza sauti ya lango letu. Nikitoka alilala akilitazama. Nikirudi alikuwa bado analitazama. Hapo nikaelewa tofauti kati yangu na wale waliompita mtaroni. Wao hawakumpa kitu, wala hawakumfundisha kitu. Mimi nilimfundisha kungoja. Nadhani deni la mwokozi linaanzia hapo, wala si kwenye huruma ya siku ya kwanza. Anayeokoa kisha akatelekeza ametenda vibaya kuliko aliyepita bila kugeuka, ingawa kwa macho ya mtaa yeye ndiye mwema.

Tatizo ni kwamba mimi ni mwanafunzi. Ninalala bwenini Kampala, na mwezi Agosti chuo kingefunguliwa. Neno "kudumu" halikuwa langu kulitoa. Nililoweza ni kumtafuta mtu wa kulitoa kwa niaba yangu, kisha kuamua kama namwamini.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa mfanyabiashara. Alitaka mlinzi: mchana mnyororo, usiku afunguliwe uani. Ukuta mrefu, nyama kila Jumapili, na shilingi 150,000 taslimu. Nikamuuliza, "Akizeeka?" Akajibu bila kuficha, "Nitatafuta mwingine." Nilimheshimu kwa ukweli wake, nikakataa. Mama hakuamini masikio yake. "Karo yako inatoka wapi, mwanangu? Kwa mbwa?" Sikuwa na jibu, na sina hata leo. Si kweli kwamba fedha ile haikuwa na uzito wa kimaadili. Mama yangu naye ananidai, na deni lake ni la kale zaidi.

Swali la uzee ndilo lililobaki kuwa kipimo changu. Gulu, kaskazini mwa nchi yetu, shirika la The BIG FIX Uganda huokoa mbwa wa mitaani na kuwaunganisha na watu walioumizwa nafsi na vita, na anayepokea mbwa hujifunga kumtunza maisha yake yote. Naona busara pale: haulizwi mtu kama anapenda mbwa, maana kupenda ni rahisi mbwa akiwa na nguvu.

Mwishowe tulimpata mzee mmoja wa Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, rafiki wa marehemu babu yangu, mwenye ng'ombe saba. Kwenye simu nilimuuliza swali lilelile. Akacheka. "Mbwa akizeeka analala, mjukuu wangu. Hata mimi siku hizi nalala tu."

Hakuna matatu iliyokubali mbwa. Tulipata lori la jamaa yetu linalorudi tupu. Mgeni alipoliona alijilaza chini, akatetemeka, akakojoa. Ilibidi nipande mimi kwanza nikae juu ya magunia. Ndipo akapandishwa, akajikunja miguuni pangu mpaka Mbale. Njia nzima nilikuwa najua ninachokwenda kufanya, naye hajui.

Mzee alinishauri niondoke wakati Mgeni yuko nyuma ya nyumba anawanusa ng'ombe. "Usimuage. Kuaga utajiagia wewe mwenyewe." Nadhani alisema kweli, ingawa mpaka sasa sijui kama kuondoka kimya kimya kulikuwa heshima au wizi. Niliondoka.

Baada ya wiki mbili alinipigia. Mgeni anakula, mguu umeshika, anakwenda na ng'ombe asubuhi na kurudi nao. Ila siku nne za mwanzo, alisema, alilala njiani pale lori liliposimama, hakugusa chakula. Siku ya tano akawafuata ng'ombe.

Nimejaribu kuziingiza zile siku nne katika hoja yangu na hazikai popote. Nilipomsimulia mama, alisema yeye bado anahesabu zile shilingi 150,000.