Divai Inapogeuka Siki

Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inadai kwamba divai ya Misa iwe ya asili, itokane na mzabibu na isiwe imeharibika. Kwa hiyo kuiziba chupa barabara na kuiweka pahali pa baridi pasipo mwanga si adabu ya mezani tu. Chupa ikishafunguliwa, hewa huwapa nguvu bakteria wanaogeuza kileo kuwa asidi, ingawa divai tamu iliyoongezewa kileo cha zabibu hustahimili zaidi. Je, ni lini basi divai huacha kuwa divai? Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alishika kwamba siki ni kitu kingine kabisa kisichofaa kwa sakramenti, ilhali divai iliyoanza tu kuchachuka bado ni divai, ijapokuwa padri anayeitumia hutenda dhambi. Jibu hilo ni la busara, ila mpaka wenyewe halionyeshi. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, waliuliza pia njia ya mgeuko huo: mvinyo uliogeuka siki wenyewe huwa tohara, lakini uliogeuzwa kwa kutiwa kitu hubaki najisi, hata kama ladha yake haitofautiani na ya siki nyingine.